Ewe Ukuta, Mwambie Mkwe Wangu

Namba thelathini na nane iliitwa mara tatu kabla Nampati hajainuka. Mama mkwe wake, Nande Rehmalem, yaani mama wa Rehmalem, alikuwa ameketi mwisho wa benchi la hospitali, yeye Nampati mwisho wa pili, na katikati yao wameweka kikapu cha nguo kama inavyotakiwa. Muuguzi akatoka mlangoni na karatasi mkononi, akasoma jina la bibi la kwenye kitambulisho.

"Ngasup beru Tarigan ndiye nani?"

"Ndiye huyo," alisema Nampati, akionyesha kwa kidevu huku macho yakiwa sakafuni.

"Unamwonyesha kwa kidevu kama mbuzi wa mnadani? Si mama yako huyo? Mshike mkono umlete."

Nampati hakumshika mkono. Angemshikaje? Sisi wa huku milimani hatuhitaji kuambiwa jambo hili, tumelinyonya na maziwa. Mwanamume hasemi na mama wa mkewe ana kwa ana, hamgusi, wala hakai naye mkeka mmoja bila kitu kati yao. Tunauita mwiko wa rebu. Si chuki hata kidogo, ni heshima iliyozidi mpaka inafanana na woga. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu akikosekana, unaambiwa ukuta, au jiko, au mlango, na mwenye kuhusika anasikia. Nyumbani kwa Nande Rehmalem huyo mtu wa tatu alikuwa binti yake, Rehmalem, na Rehmalem yuko kitandani, siku ya nne tangu apasuliwe tumbo kutolewa mtoto.

Nande Rehmalem alijiinua mwenyewe, akavua kandambili zake mlangoni. Muuguzi akamwambia azivae, hapa si msikitini wala nyumbani kwa mtu. Watu kwenye benchi wakacheka kidogo. Bibi akazivaa tena, mguu wa kulia ukaingia kandambili ya kushoto, na muuguzi akaona, na Nande Rehmalem akaona kwamba muuguzi ameona.

Ndani alikuwako mama mmoja kijana aitwaye Ibu Wening, Mjava, mpole, sauti yake ndogo. Alikuja huku kwetu siku chache kila mwezi kupima akili za watu. Alieleza utaratibu. Mzee angeulizwa maswali ya alama thelathini. Kwa kuwa hajui Kiindonesia cha kutosha, atatafsiriwa, na mkalimani lazima awe mtu wa familia, kwa sababu wauguzi walikuwa wanawapa wagonjwa majibu, basi wamekatazwa.

"Muulize mama, leo ni tarehe ngapi?"

Nampati aligeuza kiti kidogo akaelekea ukutani, palipobandikwa picha ya meno. "Ewe ukuta," alisema kwa Kikaro, lugha yetu, "mwambie Mami kwamba huyu anauliza leo siku ya ngapi."

Nande Rehmalem naye akauelekea ukuta. "Ewe ukuta, mwambie mkwe wangu leo ni siku ya ishirini na moja, mwezi umeanza kushuka. Ni siku nzuri ya kuchimba viazi."

"Anasema ishirini na moja, Ibu."

Ibu Wening alitazama kalenda ya mezani. Ilikuwa tarehe tisa. Akaandika sifuri, halafu akaweka kalamu chini. "Samahani, Pak. Mbona mnaongea na ukuta?"

Hapo ndipo Nampati alipokosea, na mimi simsamehe haraka. Alikuwa amemaliza shule ya ufundi, anatengeneza pampu za maji wilaya nzima, na mbele yake amekaa mama wa mjini mwenye miwani. Aliona haya. Aliogopa kuonekana mshamba. "Ni Mami," alisema. "Ndivyo alivyozoea, Ibu. Mimi namfuata tu."

Nande Rehmalem hakielewi sana Kiindonesia, lakini hicho alikielewa. Tangu hapo kinywa chake kikawa kizito.

Alionyeshwa picha ya mnyama mwenye nundu, akanyamaza. Akapewa penseli achore saa, akaishika kama kijiti cha kupandia mbegu, akatoboa karatasi. Akaambiwa akumbuke maneno matano: treni, zulia, chungwa, kinanda, buluu. Alipoulizwa baadaye alijibu moja, chungwa, tena alilinong'ona kwa ukuta. Akaambiwa atoe saba kwenye mia. "Ewe ukuta," alisema, "muulize, mia ya nini?"

"Anasema mia ya nini."

"Ya chochote tu, Pak."

Nande Rehmalem hajawahi kuona mia ya chochote tu.

Alama tisa kati ya thelathini. Chini yake Ibu Wening aliandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: *Huzungumza na ukuta.*

\*

"Ulimwambia nini?" Rehmalem aliuliza mumewe aliporudi nyumbani. Alikuwa amelala ubavu, tumbo limefungwa kitambaa, tangawizi imepakwa mgongoni mpaka chumba kizima kinawasha macho. Mtoto kalala kwenye mkunjo wa mkono wake.

"Nilisema ndivyo alivyozoea."

"Yeye ndiye aliyezoea. Na wewe ulipoongea na picha ya meno ulikuwa unahubiri?"

"Rehmalem, usipige kelele, nyuzi zitaachia."

"Ziachie. Nampati, wewe unajua karatasi ile inakwenda wapi?"

Alijua. Kijiji kizima kilijua. Ofisi ya ardhi ilikuwa inaandika hati za mashamba, na shamba la mteremkoni, la michungwa na viazi, lingeandikwa jina la Nande Rehmalem, mjane, mwenye binti mmoja tu. Shemeji yake, Rajamin Ginting, kaka wa marehemu mumewe, akapeleka barua ya kupinga. Mama huyu amekuwa mzee, barua ilisema, anasahau, anaunguza vyungu, hawezi tena kusimamia mali ya ukoo. Ofisi ikataka vitu viwili: karatasi ya hospitali kwamba akili yake ni timamu, na sahihi za wazee wa ukoo. Kimoja kikikosekana, hati inaandikwa jina la Rajamin, msimamizi. Na watu wanne wa nyumba ile hawana pengine pa kula.

"Wamesema anaweza kupimwa mara ya pili," Nampati alisema. "Ijumaa. Baada ya hapo hakuna tena."

"Basi Ijumaa unamweleza yule mama ukweli. Unamwambia kwamba ni mwiko, na wewe ndiye mwenye mwiko sawa na yeye. Utaona haya baadaye, ukifika nyumbani."

Jikoni, nyuma ya mbao, Nande Rehmalem alikuwa anasikia kila neno. Aliacha kukoroga uji mpaka ukashika chini.

Rajamin alikuja alasiri yake, na ndizi mbivu za mwenye kujifungua, kwa kuwa adabu anazijua. Si mtu mbaya wa kuzaliwa. Shamba lake mwenyewe liko chini ya majivu ya mlima wa volkano mwaka wa sita sasa, ana vijana watatu wanaoshinda kwenye duka la kahawa wakicheza chesi, na yeye pamoja nao. Huku kwetu wanaume hucheza chesi na wanawake hulima, kisha wataalamu wanatuletea mtihani unaofanana na chesi.

"Nimesikia tisa," alisema, akikaa. "Tisa kati ya thelathini. Shemeji, mimi sifurahi."

"Hufurahi, ila umekuja mbio," alijibu Nande Rehmalem.

"Nimekuja kukuonea huruma. Uji unaungua, shemeji."

Kweli ulikuwa unaungua. Alirudi jikoni akaepua sufuria kwa mkono mtupu, akajichoma.

"Ijumaa na mimi nitakuwepo," Rajamin aliendelea, akimwambia Rehmalem, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Ofisi imekubali, mimi ni mpingaji. Na mumeo akishindwa kutafsiri, mimi nipo. Mimi na mama yako hatuna mwiko wowote. Nitamtafsiria vizuri kabisa."

Aliposhuka ngazi, Rehmalem alimtazama mumewe. Hakuna aliyezigusa zile ndizi.

\*

Alhamisi asubuhi Nande Rehmalem alikwenda shambani peke yake. Alisema anakwenda kuchimba viazi. Hakuchimba.

Alisimama kwenye mchungwa wa kwanza akaanza kuhesabu. Mashimo ya michungwa ile waliyachimba yeye na mumewe, na kila mti anaujua, huu ulipigwa na radi, huu unazaa mwaka mmoja unapumzika mmoja. Alihesabu hamsini na nne. Ilipaswa kuwa hamsini na tano. Akarudi mwanzo akahesabu tena, moyo unamwenda mbio, akapata hamsini na nne. Akakaa chini kwenye majani yenye umande.

Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Chungu aliunguza kweli, si kimoja. Na siku mtoto alipoletwa nyumbani, alimpakata akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, yule aliyekufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Hakuna aliyesikia. Lakini yeye alijisikia. Tangu siku ile alikuwa anajipeleleza mwenyewe kama anayemvizia mwizi. Jina la mke wa mchungaji? Alilikumbuka. Jina la yule jirani aliyehamia Medan? Halikuja. Lilikuja baadaye akiwa chooni, na badala ya kufurahi akaogopa zaidi, kwa nini lilichelewa?

Na kama ni kweli? Kama Rajamin, pamoja na tamaa yake yote, amesema kweli?

Mti wa hamsini na tano aliukumbuka akiwa njiani kurudi. Waliukata mwaka juzi, mizizi ilioza. Alisimama katikati ya njia akalia kidogo, akajifuta kwa kilemba, akaenda zake.

\*

Ijumaa walikuwa wanne chumbani. Ibu Wening mezani, Nampati kwenye kiti, Nande Rehmalem kwenye kiti kingine, kikapu katikati. Rajamin alisimama karibu na mlango, amevaa koti la kanisani.

Nampati alianza kabla hajaulizwa. "Ibu, siku ile nilisema uongo." Masikio yalimwiva. "Mami hana ugonjwa wa kuongea na ukuta. Ni mwiko wetu. Mimi ni mume wa binti yake, hatusemezani ana kwa ana. Mimi pia niliongea na ukuta. Mimi ndiye niliyeanza. Nikaona haya kukueleza, nikamsingizia yeye."

Ibu Wening alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani akaifuta, akaivaa. "Ungeniambia, Pak," alisema. "Ungeniambia tu." Alipekua karatasi zake. "Lile nililoandika nitalifuta. Lakini alama siwezi kuzibadilisha hivihivi. Na leo siwezi kupokea jibu lililopitia ukutani. Karatasi inataka mgonjwa amjibu mkalimani, na mkalimani amsemeshe mgonjwa. Nikiandika vingine wataikataa huko juu, na mimi narudi Medan jioni hii. Hakuna mwingine wa familia asiye na mwiko naye?"

"Nipo, Ibu," alisema Rajamin. Alikwisha kusogea hatua mbili. "Mimi ni shemeji yake. Toka, Nampati, nipishe kiti."

Nampati hakutoka. Aliugeukia ukuta kwa mazoea, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Hakuwa na wa kumpitishia.

Ni wakati mfupi sana, lakini nataka uuone vizuri. Nande Rehmalem alikuwa na njia mbili na zote zinatisha. Akimwacha Rajamin atafsiri, kila jibu lake litageuzwa njiani, na shamba limekwenda. Akimsemesha mkwe wake, mbele ya Rajamin, basi amefanya kitu ambacho kijijini hufanywa na watu wa aina moja tu, waliopotewa na akili. Ili mama wa mjini amwone mzima, lazima kwao aonekane mwendawazimu. Na wapo wasemao rebu ikivunjwa, anayeumia ni mtoto mdogo wa nyumba. Mtoto ana siku nane.

Alivuta kilemba chake mpaka kwenye nyusi.

"Kela," alisema, yaani mkwe.

Miaka tisa Nampati ameishi nyumba ile na hajawahi kuitwa na sauti ile. Alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Kela, mwambie huyu binti aulize. Nitakujibu wewe."

"Umesikia?" Rajamin alimwambia Ibu Wening, akasahau akamwambia kwa Kikaro, akarudia kwa Kiindonesia. "Umesikia alivyofanya? Kwetu hakuna mwanamke mwenye akili anayefanya hivyo."

"Mzee, tafadhali, kaa chini."

Rajamin akakaa. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Nande Rehmalem kuliko maswali yote.

Aliulizwa siku. Nampati alisema, "Mami, anataka siku ya kalenda ya ofisini, si ya mwezi," naye akafikiri akaitaja, mwaka pia. Aliulizwa mia kutoa saba. Akasema tena, "Mia ya nini, kela?"

"Ya makabichi, Mami. Una makabichi mia, kila mteja anachukua saba."

"Tisini na tatu," alisema papo hapo. "Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano. Huyo mteja wa tano anataka kupunguziwa, nisimpe?"

Nampati alitafsiri mpaka hapo pa kupunguziwa. Ibu Wening alicheka, akainamisha uso haraka akaandika.

Aliulizwa majina ya wanyama, mengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Aliuliza kwanza wa wapi, wa kufugwa au wa msituni au wa kuliwa, na sekunde kumi zikapotea hapo. Kisha akawataja. Picha ya simba aliitambua, akasema ni wale waliokataa kumla Danieli. Yule mwenye nundu hakumjua, akasema ni farasi aliyebebeshwa vibaya. Saa alichora duara zuri, namba zikajaa upande mmoja. Katika maneno matano, safari hii mengine, alikumbuka matatu. Lile la nne alilitafuta muda mrefu, kope zinacheza, na Nampati alikuwa analijua, liko mdomoni mwake, na hakuruhusiwa. Halikuja.

Ibu Wening alijumlisha. Alijumlisha tena. Kisha akatoa karatasi nyingine yenye mistari mingi ya namba, akaitazama muda mrefu.

"Ishirini na moja," alisema. "Hii orodha yangu inasema mtu mwenye akili timamu apate ishirini na nne." Alisita. "Lakini waliopimwa kutengeneza orodha hii ni watu wa mjini, wengi wanaume, na wote walimaliza shule. Mama hajakaa darasani hata siku moja. Sina orodha ya watu kama yeye. Hakuna aliyeitengeneza." Alichukua kalamu. "Nitaandika nilichokiona. Anaweza kusimamia mambo yake."

Nampati aligeuka ili amwambie mama mkwe wake. Machozi yalimtoka, mwanamume mzima, mbele ya Rajamin. Nande Rehmalem aliona machozi akajua jibu limetoka, lakini hakujua ni lipi.

"Nimepita au nimeanguka?" aliuliza, na safari hii aliuuliza ukuta.

\*

Rajamin hakubishana hospitalini. Alikwenda moja kwa moja duka la kahawa, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Jumamosi bombani wanawake walimpisha Nande Rehmalem achote wa kwanza, jambo ambalo hawajawahi kumfanyia. Mmoja akamwuliza polepole, kama unavyomwuliza mtoto, "Nande Rehmalem, unanijua mimi nani?"

"Wewe ni yule unayenidai ungo," alijibu. Wakatazamana.

Nyumbani alikuwa anaenda kitandani kwa mtoto kila mara, anaweka sikio kifuani.

"Mama, mwache alale," alisema Rehmalem. "Ananyonya, anakunya, ana nini?"

"Sikia pumzi yake. Si inakwenda haraka?"

"Ni mtoto, mama. Wote hupumua hivyo."

"Hata kaka yako nilisema hivyo."

Rehmalem akajisogeza ukutani, kwa maumivu, akampa mama yake nafasi akae.

Jumapili baada ya ibada wazee saba wa ukoo, Rajamin akiwa mmoja wao, walikuja, wakaketi mikekani, na mkuu wa kijiji pamoja nao. Wanawake walikaa nyuma. Rehmalem alilazwa pembeni na mtoto. Nampati, kama mume wa binti, ndiye mwenye kazi ya kusema kwa niaba ya nyumba, ndivyo tunavyofanya mambo yetu, na aliketi karibu na mlango kwa unyenyekevu. Alisoma karatasi ya hospitali mpaka mwisho. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Rajamin akainuka. "Karatasi sikatai. Nataka aulizwe neno moja tu. Alama hizo alizipataje?"

Mkuu wa kijiji hakufurahia kazi ile. Alikohoa. "Nande Rehmalem. Inasemekana Ijumaa ulisema na mkwe wako ana kwa ana, ukamwita, akakuita, maneno mengi, mbele ya watu. Ni kweli?"

Hakuna aliyetafuna tambuu. Nampati alikuwa ameuona mtego tangu Ijumaa na hakupata pa kuutegulia. Mama mkwe wake akisema hapana, karatasi ni ya uongo. Akisema ndiyo, yeye mwenyewe ndiye mwendawazimu, hospitali iseme itakavyo.

Watu walianza kuangaliana, na Rajamin akaanza kutabasamu tena. Nande Rehmalem akageuka, si kwa wazee, wala si kwa mkwe wake. Aliigeukia nguzo ya katikati ya nyumba.

"Ewe nguzo," alisema, "mwambie mkwe wangu awaambie wazee hawa kwamba ni kweli. Nilimsemesha. Nilimwita kwa kinywa changu."

Nampati aliyarudia maneno kwa wazee, neno kwa neno, macho yakiwa chini.

"Ewe nguzo, mwambie awaambie kwamba nilijua ninachokivunja. Nilikaa nikakipima, shamba upande huu na aibu upande huu, na mtoto juu yake, kisha nikavunja. Tangu Ijumaa sijalala. Kila mtoto akinyamaza naogopa, akilia naogopa. Nikipita njiani naogopa." Sauti yake ilipasuka, akaiacha hivyohivyo. "Yule aliyepotewa na akili angemsemesha mkwe wake kisha akaenda kula. Mimi sijala. Kama wanataka kujua akili zangu ziko wapi, awaambie ziko hapa, zinaniuma."

Nampati alifika katikati ya maneno hayo akashindwa. Aliyemalizia ni Rehmalem, kutoka kitandani.

Mzee wa kwanza, mwenye mvi nyingi kuliko wote, alijifuta pua kwa kiganja. "Nani ana kalamu?" aliuliza.

Watano walitia sahihi. Mmoja alisema atafikiri, mpaka leo anafikiri. Rajamin hakutia, alivaa viatu vyake taratibu, akasimama kizingitini akimtazama shemeji yake. Nadhani alitaka kusema kitu. Hana shamba, na sasa hana hata matumaini ya shamba. Aliondoka.

Watano walitosha. Lakini bombani bado wanampisha achote wa kwanza, na bado mmoja mmoja humwuliza wao ni nani.

\*

Jumatatu walikwenda kuchimba viazi. Ilikuwa imenyesha. Nande Rehmalem alitangulia na kikapu kichwani, Nampati nyuma yake hatua kumi kama kawaida, na jembe begani. Walifika panaposhuka kwa mteremko, penye udongo mwekundu.

Nampati ndiye aliyeanza, na ilimchukua nusu ya njia kupata ujasiri.

"Ewe njia," alisema, "mwambie Mami nilikosea ile siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeanza kuongea na ukuta. Niliona haya kwa ajili ya miwani ya mtu."

Nande Rehmalem hakusimama. Alikuwa anahesabu michungwa iliyoanza kuonekana kwa chini, midomo inacheza, na hakutaka kupoteza hesabu. Alipofika mwisho wa mstari alishusha pumzi.

"Ewe njia," alisema, "mwambie mkwe wangu akanyage polepole. Hapa panateleza."